Maji ya Majivu

Siku ya tisa tangu chumvi ifukuzwe jikoni kwake, Bujiku alilisogeza bakuli la mboga mbali naye, taratibu kama anayesogeza mtoto aliyelala, akasema, "Ng'wana Shigela, hata mfungwa anatiwa chumvi."

Mkewe Felisita, binti wa mzee Shigela, aliliangalia bakuli. Ndani mlikuwa na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa juani, mboga ambayo mumewe alikuwa akiila tangu meno yake ya kwanza, na leo ilikuwa haijapungua hata kwa matonge matatu. Kisha akauangalia mkono uliolisogeza. Saa ya Bujiku, ambayo zamani ilimbana mpaka ikamwachia alama, sasa iliteremka mpaka kwenye vidole kama bangili ya kuazima.

"Jaribu tena kidogo, Baba Nancy."

"Nimejaribu. Ulimi ndio umekataa, si mimi."

Bujiku alikuwa na miaka sitini na mitatu. Katika ujana wake alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika, na soko la pamba lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja kila mmoja na kibanda chake na mizani yake, akawafanyia kazi misimu mitatu. Msimu wa nne mmoja wao akamnong'oneza kwamba karani mwerevu anajua mahali pa kuweka kidole. Bujiku aliivua kofia ya kampuni, akaitundika kwenye ndoano ya mizani, akarudi nyumbani kulima. Mpaka leo wakulima wa Ngulyati husema, pamba ikipimwa na Bujiku, nenda kalale.

Presha ilikaa ndani ya mwili wa mtu huyo miaka mingi bila kupiga hodi, na ilipojitambulisha, tayari ilikuwa imezimaliza figo zote mbili. Sasa kila Jumatatu na Alhamisi yeye na mkewe waliondoka kwao Somanda, Bariadi, alfajiri, wakashuka Mwanza, akalazwa pembeni ya mashine iliyoitoa damu yake, ikaisafisha kwa saa nne, ikamrudishia. Kadi ya bima ilikuwa ya binti yao Nancy, mwalimu huko Nyalikungu, Maswa, aliyemwandikisha baba yake kuwa mtegemezi wake. Bujiku alilicheka sana neno hilo. "Nilimbeba mgongoni," alisema, "leo mimi ndiye mtegemezi."

Siku ya kwanza kabisa, nesi mmoja aitwaye Athanasi, mwanaume mnene mwenye sauti ya upole, alimkalisha Felisita kwenye benchi akampa karatasi. "Mashine inasafisha, mama, lakini haipiki. Kazi iliyobaki ni yako." Chumvi ilikuwa marufuku. Maji, nusu lita tu kwa siku. Ndizi, parachichi, machungwa, viazi vya aina zote, hata vile vikavu, michembe na matobolwa, vyote mwiko, kwa sababu vina madini yanayoitwa potasiamu. Figo nzima huyatoa kwa mkojo. Figo zilizokufa huyaacha yajae kwenye damu mpaka yausimamishe moyo.

"Moyo?" Felisita aliuliza.

"Moyo, mama. Wengi wa wagonjwa wetu hawaondoki kwa figo. Wanaondoka kwa moyo."

Tangu siku ile kila sufuria aliyoiteleka Felisita ilikuwa ni kwa ajili ya moyo ule. Usiku aliuwekea sikio mgongoni mwa mumewe akausikiliza kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Michembe yote, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo kwa Msukuma ni chakula, ni akiba na ni fahari ya nyumba, aliigawa kwa majirani. Pakiti za chumvi alizitoa nje. Ila sasa mumewe alikuwa hali chakula. Na yule yule Athanasi alikuwa amemwambia, "Asipokula, mwili utajila wenyewe. Na moyo nao ni nyama, mama."

Ndipo alipoikumbuka njaa ya chumvi.

Ilikuwa mwaka wa themanini na mbili, yeye akiwa bibi harusi mpya. Madukani hamkuwa na chumvi, hamkuwa na sabuni, hamkuwa na sukari. Ukiona foleni unaingia kwanza, unauliza baadaye kinachouzwa. Mama yake hakupanga foleni. Alichoma mabua ya mtama na maganda ya choroko, akayatia majivu kwenye chungu chenye tundu chini, akamimina maji juu, na chini yakadondoka maji ya rangi ya chai, yenye ladha kali ya kuteleza ulimini. Maji hayo yalilainisha mboga kavu na kuikoleza. Kijiji kizima kilikula hivyo mpaka ilipokuja ruksa ya biashara na maduka yakajaa. Baada ya hapo wenye hela walihamia kwenye pakiti, na majivu yakabaki kwa wanawake wa vijijini waliozoea ladha yake.

Felisita aliitoa ile karatasi ya hospitali chini ya godoro, akaisoma kuanzia juu mpaka chini, akaigeuza akaangalia na nyuma. Neno majivu halikuwemo. Chumvi ni ile ya dukani, alijiambia. Majivu ni majivu.

Siku iliyofuata Bujiku alimega tonge la kwanza bila hamu, akachovya, akatia mdomoni. Akatulia. Akachovya tena.

"Umetia nini humu?"

"Mikono yangu."

"Basi usiioshe."

Alikula mpaka akakwangua bakuli kwa kidole. Felisita alikwenda nyuma ya nyumba, akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa furaha.

Wiki mbili zilikwenda vizuri kuliko alivyothubutu kuomba. Bujiku alianza kutembea mpaka barabarani kuwatania vijana wa bodaboda kwamba pikipiki zao zinapiga kelele kuliko wake zao. Hospitalini Athanasi aliuliza, "Chumvi, mama?" na Felisita akajibu kwa kifua mbele, "Hata punje." Athanasi akawageukia wagonjwa wengine. "Mnasikia? Igeni mfano wa huyu mama."

Wiki ya tatu majibu ya damu yakarudi na duara jekundu.

"Mzee," Athanasi alisema, na upole ulikuwa umepungua, "potasiamu yako inatisha. Unakula ndizi?"

"Sili."

"Parachichi?"

"Parachichi nalionea wapi Somanda?"

"Michembe?"

"Michembe naila ndotoni tu, kijana wangu. Na hata huko ng'wana Shigela anakuja kuniamsha."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alicheka. Athanasi hakucheka. "Mzee, damu haidanganyi."

Miaka yote ya mizani, wakulima walipobisha, Bujiku mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia maneno ya namna hiyo.

Njiani kurudi Bariadi Felisita aliyarudia mapishi yake yote kichwani. Neno lile la nesi lilikuwa limemwingia kama mwiba wa mgunga. Yeye alijua alichopika. Basi kilichomdhuru mumewe kilitoka nje ya chungu chake. Alianza kumpekua mifuko akiwa amelala. Alinusa kikombe chake. Alipokwenda kisimani alirudi kwa njia nyingine ili amfumanie. Hakupata kitu, na kutopata kulimzidishia wasiwasi, kwa sababu aliamini kwamba mwizi asiyeonekana ni mwizi mzoefu.

Jumamosi akaja Ng'washi, dada mkubwa wa Bujiku, kutoka Ngulyati. Alikuja kama alivyokuja kila mwaka baada ya mavuno ya viazi, kikapu kichwani kimefunikwa kitenge.

"Mwadila, wifi."

"Mwadila," Felisita alijibu, akapokea kikapu, akafunua. Michembe ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, myeupe, mikavu, ya daraja la kwanza. Hakukiingiza ndani. Alikwenda nacho mpaka nje ya uzio akakitua barabarani.

Ng'washi alimtazama. "Wifi, kikapu changu kimekukosea nini?"

"Unamletea kaka yako kifo, halafu unakifunika kitenge."

"Kifo? Michembe hii ya wajukuu?"

"Wajukuu wako Maswa! Hapa tuko wawili, na mimi siili. Sasa nimejua anakula kwa nani."

"Ewe!" Ng'washi alipiga makofi mara moja. "Uliletwa kwetu hujui hata kusonga ugali wa udaga wa muhogo, unatoa mabonge kama kichwa cha mtoto. Nilikufundisha mimi! Leo unanifundisha kumlisha mtu wa tumbo la mama yangu?"

Bujiku alitoka ndani amejishika kwenye mlango. "Ng'washi hajanipa kitu," alisema.

"Damu haidanganyi, Baba Nancy."

Ng'washi aliteremsha mikono, maana alimjua ndugu yake na alijua jembe limegonga wapi.

"Felisita," Bujiku alisema. Ilikuwa miaka mingi hajamwita kwa jina hilo. "Umenijua miaka thelathini na miwili. Nani amewahi kusema Bujiku kaiba kilo?"

Felisita alitaka kujibu kwamba njaa humbadilisha mtu, kwamba hata yeye angeiba, kwamba anasema haya kwa sababu ya moyo wake. Lakini alichosema ni, "Mimi naamini kipimo."

Ng'washi alikiokota kikapu chake barabarani, akapangusa vumbi, akajitwika. "Kaka, siku ukitaka kuniona, utanituma mtu. Hapa mimi ni mwizi."

Kuanzia siku hiyo Bujiku alikula kila kilichowekwa mbele yake. Alikula kama shahidi anayetoa ushahidi: mbele ya mkewe, mlango wazi, bila kuinua macho, na mwisho alimgeuzia bakuli aone. Hakukaa tena barabarani na vijana, asije akaambiwa kuna aliyempa kitu. Mboga ilipokuwa nyingi, aliimaliza. Na Felisita, akidhani hamu ya kweli imerudi, aliongeza kipimo cha yale maji ya rangi ya chai.

Alhamisi, waliposhuka Mwanza, Bujiku alisimama pembeni ya basi na hakuweza kunyanyua mguu.

"Twende, Baba Nancy."

"Naiambia iende. Miguu imekuwa ya mtu mwingine."

Alimshika kifundo cha mkono. Moyo ulipiga mara moja, ukakaa kimya, ukapiga, ukakaa kimya zaidi, kama mzee anayepanda mlima wa mawe akipumzika kila hatua. Felisita alipiga yowe. Watu wawili waliosimama pale wakambeba Bujiku mpaka kwenye teksi.

Hospitalini walimbandika nyaya kifuani, wakatazama mistari ikitoka kwenye karatasi, na daktari akaanza kukimbia. Felisita alikuwa hajawahi kumwona daktari anakimbia. Walimchoma sindano, wakamwunganisha na mashine, wakamfungia Felisita nje ya pazia.

Alikaa kwenye benchi la korido mpaka akaja binti mmoja mwembamba, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya kiwandani. Alikuwa afisa lishe mpya, jina lake Jenifer, miezi minne tu tangu atoke chuoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amekufa?"

"Hapana. Mashine inafanya kazi, mapigo yanarudi." Jenifer aliketi, si mbele yake na meza katikati kama wengine walivyofanya, bali ubavuni. "Mama, sitakuuliza amekula nini. Umeshaulizwa sana. Nieleze unavyopika tu. Anza pale unapowasha moto."

Hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo. Felisita alijikuta anaeleza kwa kirefu, na kadiri alivyoeleza ndivyo mgongo wake ulivyonyooka, maana hii ndiyo kazi aliyoijua. Alieleza anavyoosha nsansa, anavyomchuna kuku ngozi na kutoa mafuta, anavyopima maji ya kunywa kwa kikombe kimoja cha plastiki asizidishe. Na jinsi mumewe alivyokataa chakula kisicho na chumvi, na jinsi yeye alivyopata njia.

"Njia gani, mama?"

"Maji ya majivu. Yale ya zamani."

Kalamu ya Jenifer ilisimama.

"Majivu ya nini?"

"Mabua ya mtama. Na maganda ya choroko, ndiyo yana ukali mzuri."

"Unatia kiasi gani?"

"Kikombe cha chai. Siku hizi kimoja na nusu. Mchana na jioni." Felisita aliona uso wa yule binti unavyobadilika, akaharakisha. "Si chumvi, mwanangu. Chumvi sijatia hata punje, naapa kwa Bikira Maria."

"Najua, mama. Nakuamini." Jenifer alifunga daftari lake. Alisema polepole, akitafuta maneno yasiyoumiza na asiyapate. Mmea hunyonya madini yale yale kutoka ardhini, alisema. Ukiuchoma, mengine yote huenda na moshi, potasiamu hubaki kwenye majivu. Ukipitisha maji, unaichukua. "Ndizi ina kidogo, mama. Yale maji ni yenyewe."

Mbele yao mhudumu alipita akisukuma toroli la shuka. Felisita alilifuata toroli kwa macho mpaka likapinda kona.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisemeje basi?"

Macho ya Jenifer yalikuwa yamejaa machozi. "Bibi yangu kule Nassa anapikia mlenda maji hayo hayo," alisema. "Nimeyala utoto wangu wote. Mwezi uliopita mimi ndiye niliyepewa karatasi ile niiandike upya. Niliongeza vyakula saba. Majivu hayakunijia kichwani."

Baadaye daktari alimwita Felisita akamwambia kwamba hatari ya siku ile imepita, lakini moyo wenyewe hauko vizuri. Miaka ya presha imeutanua, kuta zimekuwa nene na zimechoka, na mtikisiko huu umeuchosha zaidi. Angebaki wodini. Nancy aliomba ruhusa shuleni, akafika jioni ile.

Ijumaa asubuhi Bujiku alikuwa ameamka, ameegemezwa kwenye mito miwili. Felisita alikuwa amejiandaa kusema kwa mzunguko, lakini alipouona ule uso, mzunguko ukamwishia.

"Baba Nancy, ni yale maji. Niliyokuwa natia kwenye mboga. Nilichuja majivu kama mama alivyokuwa anachuja. Ndiyo yaliyojaa kwenye damu yako. Si michembe. Hukula kitu cha mtu yeyote. Ni mimi."

Bujiku alilamba midomo yake mikavu.

"Yale yaliyokuwa matamu vile?"

"Yale yale."

Kifua chake kilianza kutikisika, na Felisita akainuka kumwita nesi, kisha akaona kwamba mumewe anacheka. Alicheka bila sauti, machozi yakimtiririkia masikioni.

"Kwa hiyo sikuiba."

"Hukuiba."

"Na Ng'washi hakuiba."

"Hakuiba."

"Nimelala macho siku hizi zote," alisema, "najiuliza kama nilikula nikasahau. Mtu akiambiwa sana, anaanza kujipekua mwenyewe." Alipumzika, akavuta hewa. "Ulikuwa unaonja, ulipokuwa unapika?"

"Nilikuwa naonja."

"Nilikuona. Ulikuwa unatabasamu."

Felisita aliinamisha kichwa chake kwenye ukingo wa kitanda. Alisikia mkono wa mumewe juu ya kilemba chake, mwepesi kama jani.

"Sasa nenda Ngulyati ukamwambie."

"Nitampigia simu."

"Si kwa simu. Neno ulilisema mbele yake, lifute mbele yake. Mizani yangu ilipoharibika, nilimfuata mkulima mpaka kwake hata kama alikuwa ameshauza na kula. Nenda kesho, urudi. Nancy yupo."

"Nikuache hivi?"

"Ng'wana Shigela," alisema, na jina hilo lilipotoka Felisita alijua amesamehewa, "nimelala kwenye mashine ya mamilioni. Nenda."

Alikwenda. Alipofika Ngulyati Jumamosi, jua lilikuwa limeshapanda. Ng'washi alikuwa juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba yake, amechutama, anageuza vipande vya viazi alivyovianika. Felisita alipiga magoti pale pale kwenye jiwe lenye joto, akasema yote. Ng'washi aliendelea kugeuza, kipande kimoja baada ya kingine.

"Kwa hiyo ulinifukuza mimi na kikapu changu," alisema alipomaliza mstari mzima, "na sumu ulikuwa nayo wewe chunguni."

"Ndiyo, wifi."

"Sema tena."

"Ilikuwa chunguni kwangu. Wewe hukumpa kitu."

Ng'washi alisimama kwa shida, akijishika magoti. Alimtazama mke wa kaka yake kwa jicho ambalo lingeweza kugeuka kuwa lolote. "Umekula tangu asubuhi?" aliuliza.

Felisita alitikisa kichwa, na kabla hajajibu kwa mdomo simu yake ikaita. Alikuwa Nancy, naye hakuweza kusema neno. Ilibidi mtu mwingine, sauti ya kike asiyoijua, aichukue simu na kusema kwamba mzee alikuwa akisaidiwa kukaa ili anywe uji, akasema ngoja kidogo, na moyo ukasimama. Walijaribu kwa nusu saa. Walikuwa wanaomba ndugu wafike.

Bujiku alizikwa Ngulyati, karibu na wazazi wake, na watu walikuja wengi kuliko alivyowahi kudhani, wengi wao wakulima wazee ambao hawakuwa na la kusema ila, "Alitupimia." Felisita alikalishwa kwenye mkeka. Siku ya pili ya matanga Ng'washi alikuja kuketi karibu naye, akamwinamia sikioni.

"Wifi, yale ya majivu yaishie kwangu. Daktari mwenyewe amesema moyo ulikuwa umechoka, nani ajuaye. Lakini hawa watu unawajua. Wakisikia umemtilia kitu chunguni, hawatauliza ni kitu gani. Mjane mwenye macho mekundu huku huitwa mchawi, na hana wakili."

"Nimesikia."

"Nyamaza. Hata yeye angetaka unyamaze."

Felisita alinyamaza. Aliweza kunyamaza asubuhi nzima. Hata hivyo mkeka ulimchoma, akaomba akakae na wanawake waliokuwa wakipika nyuma ya nyumba, kwenye mafiga matatu makubwa. Walimpa gogo akalie. Nsansa ilikuwa inachemka kwenye sufuria ya shughuli, na mwanamke mmoja aitwaye Domitila, wa nyumba ya tatu kutoka pale, akafungua chupa akamimina ndani maji ya rangi ya chai.

"Acha hii ilainike," Domitila alisema. "Mimi siku hizi hata chumvi nimeachana nayo. Mzee wangu zahanati wamemwambia presha imepanda, miguu inavimba, asile chumvi. Basi nampikia haya haya, kila mlo. Anakula mpaka anaramba vidole."

Wanawake wakacheka. Felisita akasimama. Ng'washi, aliyekuwa akipepeta mchele, aliachia ungo akamshika pindo la kanga.

"Kaa, wifi."

"Domitila," Felisita alisema, "mimi nilimpikia Bujiku maji hayo."

Alieleza. Hakujua kueleza kama Jenifer, akachanganya figo na damu na mabua, akarudia, lakini alisema lililo muhimu: kwamba figo zikiwa zimechoka yale maji hujaa kwenye damu na kuufikia moyo, kwamba yeye hakujua, kwamba alipika kwa mikono yake kila siku kwa wiki nne. Pindo la kanga lilikuwa bado mkononi mwa Ng'washi, kisha likaachiwa.

"Kwa hiyo ni wewe," mwanamke mmoja mzee alisema kutoka upande wa moshi.

"Ni mimi."

Mwanamke aliyekaa naye gogo moja alinyanyuka, akaenda kukaa kwingine. Mwingine akamfuata. Domitila alikuwa bado ameishika chupa, kizibo mkono wa pili.

"Mzee wangu ni presha tu," alisema. "Figo zake ni nzima."

"Zimepimwa?"

"Hazijapimwa."

"Basi mpeleke Bariadi hospitali zipimwe. Mpaka hapo usimpe."

"Nimemwachia sufuria jikoni," Domitila alisema polepole. "Amesema atapasha mwenyewe mchana." Aliiweka chupa chini. Alitazama jua lilipofika, akatazama nyuso za wenzake kana kwamba kuna mmoja wao angemwambia hii ni hadithi tu, kisha akajifunga kanga vizuri na kuondoka, mwanzo kwa kutembea, na alipofika kwenye mahindi, kwa kukimbia.

Nsansa ilikuwa inamwagikia motoni, na Felisita, kwa mazoea ya maisha yake yote, aliinama akachukua mwiko ili aikoroge.

Mwanamke mzee aliupokea mwiko kutoka mkononi mwake. Hakuupokonya, aliupokea kwa heshima, kwa mikono miwili.

"Kaa, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Tutapika sisi."

Felisita alikaa kwenye gogo. Lilikuwa gogo refu, la watu wanne. Ng'washi alibaki amesimama na ungo wake, akiangalia upande wa mahindi alikopotelea Domitila, akiangalia upande wa gogo, na kwa muda mrefu hakwenda kokote.